Mguu wa Shosho Haukuwa Kosa Lako

Kabiria, jioni

Wairimu, mami,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako na umeniachia sebule imejaa mabegi. Nimelazimika kusogeza moja ili nipate pahali pa kuweka karatasi. Ningeweza kungoja urudi nikuambie kwa mdomo, lakini najijua. Ukikaa mbele yangu nitaanza kukuuliza kama umebeba sweta, utanitania kwamba Kitale si Ulaya, tutacheka, tutalala, na asubuhi gari litakuchukua ukiwa hujui ninachotaka ujue. Nimefanya hivyo mara nyingi. Afadhali niandike.

Ya sweta nayaacha. Ya gesi, ya kufunga mlango, ya kutomwambia kila mtu ofisini habari za kwenu, hayo nayo nayaacha, kwa sababu umeyasikia mpaka masikio yamechoka. Kazi umeipata mwenyewe na nyumba umeitafuta mwenyewe. Sina wasiwasi na hayo.

Nataka kukuambia juu ya mguu wa Shosho. Soma hili kwanza kabla ya mengine yote: mguu wa Shosho haukukatwa kwa sababu ya zawadi yako. Nimelijua hilo tangu mwanzo, na nimekuacha ubebe lawama hiyo miaka yote hii. Sasa unaondoka na sitaki uende nayo.

Wewe ni Wairimu kwa sababu hakukuwa na upande wa baba wa kukupa jina, kwa hiyo nilikupa la mama yangu, Shosho wako. Ndiyo maana nimekuita mami tangu ukiwa mchanga, na ndiyo maana Shosho alikuwa akikufinya mashavu na kukuita pacha wake. Mlikuwa mnanichosha nyinyi wawili. Mkikaa pamoja jikoni hakuna neno langu lililosikika. Na mlifanana tabia: wewe na kunawa kwako mikono mara tatu kabla ya kukata mboga, yeye na ploti yake. Unakumbuka alivyokuwa akizunguka ploti Jumamosi asubuhi na fimbo, akifungua milango ya vyoo, akiwaita wapangaji nje mmoja mmoja kuwaonyesha mtaro ulioziba. Watu wazima, wenye kazi na familia, walikuwa wakimtoroka kupitia lango la nyuma. Mwanamke huyo hakuogopa kumwambia mtu kwamba ni mchafu.

Basi ruracio ya shangazi yako Nyambura ilipokaribia, watu wa kina bwana wakiwa wanakuja kujadili mahari, nyumba nzima ilichachawa. Nyambura ni mdogo wetu, wa mwisho, na Shosho alitaka kumtoa vizuri. Mimi na dada zangu tulisimamia chakula. Mpishi alikuwa mtu wa Riruta tusiyemjua. Mami, ungetuona. Tulienda kwake bila kumwambia tunakuja. Tulifunua sufuria zake. Tulimuuliza anatoa maji wapi, nyama itachinjwa lini, itapikwa usiku au alfajiri, wale vijana wa kugawa chakula watanawa wapi na wana sabuni. Nilimwambia mmoja wa wasichana wake afunge nywele tukiwa bado tunaongea. Yule mpishi alitujibu kila kitu bila kununa, na siku hiyo ilipofika hakuna mtu aliyeumwa hata na tumbo. Nakueleza haya ili ujue kwamba sikuwa mjinga. Nilijua cha kuuliza.

Wewe nawe ulikuwa kwenye mafunzo Nakuru, na ndipo ukapata wazo lako. Shosho alikuwa na nyayo zilizopasuka kwa miaka ya shamba, na siku zote alivaa viatu vya kufunika. Mimi nauza viatu vya wanawake Ngara, na kila akija kibandani alikuwa anachukua zile sandali za wazi, anazigeuzageuza, anazirudisha. Ulimwona akifanya hivyo. Ukasema utamlipia aoshwe na kutengenezwa miguu, ili siku ya Nyambura avae anachokitaka mbele ya wageni. Nilipomwambia alijifanya kukasirika, akauliza kama amekuwa bibi harusi. Baadaye nilimsikia akimwambia jirani kwa simu.

Hukutoa wazo tu ukaniachia. Ulinipigia ukanieleza pahali. Ulisema kuna mama mmoja anaitwa Atieno, ghorofa ya kwanza, nyuma ya maduka ya jumla pale Ngara, na kwamba uliwahi kukaa pale ukimngoja rafiki yako na ukamtazama akifanya kazi. Nakumbuka maneno yako kwa sababu yaliniudhi.

"Mum, usimpeleke kwingine tafadhali. Huyu nimemwona akifungua vifaa mbele ya mteja. Na umwambie huyo mama kwamba Shosho ako na ugonjwa wa sukari, usisahau."

Nilisema sawa. Moyoni nilisema, huyu mtoto ameanza kujiona. Sisi tumekata kucha kwa kiwembe maisha yetu yote.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo hujawahi kufika. Shosho hakwenda kwa Atieno. Hakukanyaga pale hata siku moja.

Nilikutana na Mama Baraka baada ya mkutano wa akina mama kanisani. Unamjua, yule mwenye sauti ya kuongoza nyimbo. Alikuwa amefungua saluni chini ya zile fleti karibu na stage ya matatu, bado ina harufu ya rangi. Nikamwambia kwa furaha tu kwamba kesho nampeleka mama Ngara kutengenezwa miguu. Akaniangalia akatabasamu, akasema, "Yaani Mama Wairimu, mnanipita mimi mwende mpaka Ngara?"

Wewe ni wa kanisa letu, unajua swali hilo halina jibu. Mama Baraka ndiye aliyenipikia nilipolazwa. Ndiye aliyesimama mbele ya watu akaomba mchango ulipokosa karo. Ningemwambia nini? Kwamba binti yangu amechagua pengine kwa sababu ni pasafi zaidi? Angesikia nimemwita mchafu, na kufikia Jumapili benchi nzima ingekuwa imesikia. Kwa hiyo nilicheka, nikasema kumbe hata sikuwa nimefikiria, tutakuja kwako. Nilikuwa nimempendeza na nikaenda nyumbani nikijisikia vizuri.

Tulipofika tulikuta mwanamke mwingine amekaa kwenye kile kiti, miguu iko ndani ya beseni. Akatolewa, akapanguswa, akaondoka. Msichana aliyekuwa akihudumu alichukua birika akaongeza maji ya moto juu ya yale yale. Povu la yule mwanamke lilikuwa bado linaelea, na vipande vya ngozi. Kile chuma cha kusugulia nyayo alikipangusa kwa taulo lile lile lililompangusa mwenzetu. Kiwembe kilikuwa juu ya rafu, hakina karatasi, kimeegemezwa kwenye chupa ya rangi ya kucha.

Shosho aliyaona yote. Yule mama wa mtaro na vyoo, unafikiri hangeona? Alisimama mbele ya beseni ameshikilia sketi yake, akageuka akaniangalia. Alikuwa anangoja mimi niseme, kwa sababu pale alikuwa mgeni wangu. Mama Baraka alikuwa nyuma yetu anatuwekea chai.

Nilimtikisia mama yangu kichwa, kwamba tusiseme. Kidogo tu. Akaelewa, akaingiza miguu ndani.

Na sikusema lolote juu ya sukari. Nilikuwa nimelikumbuka neno lako. Niliona nikisema nitaonekana kama namtafutia msichana sababu ya kuogopa kazi, na tayari nilikuwa nimejiona mtu wa kusumbua kwa kufikiria tu. Alipofika kidole cha mwisho alikata ngozi pembeni ya ukucha na Shosho akaguna. Damu ilitoka kidogo. Msichana akaweka pamba.

"Ni kadogo tu, Shosh. Itakauka."

Mimi nikasema asante. Tena kwa heshima, kama mtu aliyefanyiwa hisani.

Siku ya ruracio alivaa sandali. Zile za rangi ya kahawa, na bangili yake ya zamani, na kitambaa kipya. Uliporudi kutoka Nakuru ulimkumbatia, ukainama ukamtazama miguu, ukapiga picha. Alikuwa tayari anaumwa na hakusema. Aliogopa kuharibu siku ya Nyambura. Alipokea wageni, akasimama, akaimba. Baadaye alirudi kwenye viatu vyake vya kufunika na soksi, na sisi tukafikiri ni baridi. Alipokuja kutuonyesha, kidole kilikuwa kimebadilika rangi na mguu umevimba, una harufu. Hospitalini walijaribu dawa, wakatoa kidole, wakajaribu tena. Daktari alitueleza kwamba sukari ilikuwa juu kwa muda mrefu na mguu wenye sukari hauhitaji kidonda kikubwa. Mwisho walikata chini ya goti.

Unakumbuka tulivyokuwa tumesimama kando ya ule mlango wa wodi. Nyambura alikuwa analia na mtu anayelia husema lolote. Alisema, "Ni hii mambo ya saluni. Wairimu alimtafutia nini huko Ngara?"

Ulikuwa umesimama na chupa ya uji mkononi. Uliniangalia. Mami, nilikuona ukiniangalia. Ingenitosha sentensi moja. Nilifungua mkoba wangu nikaanza kutafuta kitambaa cha kufutia pua ambacho nilijua hakimo.

Niliogopa dada zangu. Niliogopa kwamba watajua nilibadilisha pahali, na kwamba nilisimama pale nikaangalia. Nilijiambia nitakueleza tukifika nyumbani. Tulipofika ulikuwa umeshaingia chumbani. Nikajiambia kesho. Kisha ukawa mtu mwingine. Ulianza kumnunulia Shosho vitu, kila mwezi, mifuko mizima, maziwa, unga wa wimbi, blanketi. Unaingia, unaweka mezani, unamuuliza hali ukiwa umesimama karibu na mlango, unasema una haraka. Mifuko hiyo inaniumiza kuliko kama ungeacha kwenda. Na pale Ngara unavuka barabara ili usipite chini ya lile jengo la Atieno. Nilikusikia siku moja ukimwambia rafiki yako asiende kwake kwa sababu alimwumiza nyanya yako. Nilikuwa nakunja nguo chumba cha pili. Niliendelea kukunja.

Nakuomba msamaha. Sisemi hivi ili unionee huruma. Nimekukosea, na nimemkosea yule mwanamke ambaye hakuwahi hata kutugusa.

Nimekwenda kwake. Si leo wala jana, ni muda sasa. Nilijifanya mteja tu, sikuwa na ujasiri wa zaidi. Ni mtu mfupi, mkali, hana maneno matamu. Nilikaa kitini nikavua viatu, akaniangalia kama ninayemchelewesha.

"Leo sifanyi miguu. Stima imepotea tangu asubuhi, na vifaa haijachemka."

Nikamwambia nina haraka, afanye tu hivyo hivyo, nilitaka kuona. Akasema kama nina haraka kuna wengi huko chini, na akarudi kusuka mteja wake. Sikukasirika, mami. Nilishuka ngazi nikakaa kwenye kibanda changu na sikuuza kiatu chochote mpaka jioni. Nilikuwa nafikiria kwamba ungekuwa umempeleka Shosho mwenyewe, angeketi pale, na kama stima imepotea angerudishwa nyumbani na miguu yake miwili.

Nilirudi siku nyingine stima ikiwepo. Nilimuuliza maswali, kwa sauti ya kuomba radhi, unajua nilivyo. Hakuona ajabu. Alinionyesha beseni analiwekea mfuko mpya wa plastiki kila mteja, akaninyooshea kile chombo cha stima cha kuua viini, akaniuliza kabla sijakaa kama nina sukari au kidonda au ninatumia dawa za kuyeyusha damu. Akasema wenye sukari yeye hukata kucha juu juu tu na hagusi ngozi, na kama kuna kidonda anawatuma kliniki. Yote hayo ulikuwa umeyaona wewe ukiwa umekaa pembeni unamngoja rafiki. Hukukosea hata kuchagua.

Sasa nikuambie kidogo nilichojifunza, halafu nirudi kwa Shosho.

Watu hudhani uchafu uko kwenye bei ya chini na mabati. Mimi nimepeleka viatu kwa mteja katika saluni moja upande wa Muthangari, vioo kila ukuta, maji ya ndimu kwenye glasi, sabuni inayonukia mpaka barabarani. Nikiwa nimesimama nikingoja alipwe aliyekuwa mbele yangu, nikaona tupa moja ya kucha ikitoka mkono wa huyu ikaingia mkono wa yule. Hakuna aliyeshtuka. Na mimi nimenyolewa nywele hapa Kabiria chini ya mwavuli na kijana aliyebadilisha wembe mbele yangu bila kuulizwa, akachoma mashine kwa spiriti mpaka nikaogopa moto. Kwa hiyo usipofushwe na vioo, wala usimdharau wa mwavuli. Simama kidogo kabla hujakaa. Angalia yule aliyekutangulia anaondoka vipi, na vitu vyake vinakwenda wapi.

Lakini hilo unalijua kuliko mimi. Ninalojua mimi ni lingine. Huko Kitale mwanzoni hutamjua mtu, na itakuwa rahisi kwako. Utauliza maswali yako, usiporidhika utatoka, nani atakununia? Kisha utakaa. Utapata kanisa. Utaumwa na mtu atakuletea uji. Huyo mtu atakuwa na saluni, au dada yake anapika kwenye sherehe, au mume wake anakodisha mahema na vyombo, na wewe utakuwa unaolewa au unazika au unabatiza. Atakuuliza kwa tabasamu kama unampita. Hapo ndipo nataka unikumbuke mimi na kile kichwa nilichotikisa. Yule mpishi wa Riruta tulimhoji mpaka jasho likamtoka kwa sababu hakuwa mtu wetu. Mama Baraka tulimpa mguu wa mama yangu bila swali hata moja kwa sababu tulimpenda.

Na nisimchafue Mama Baraka. Kwa muda mrefu nilimfanya shetani moyoni mwangu. Nilikuwa nabadilisha benchi kanisani, nasema magoti yananiuma na kule mbele ni mbali. Wiki hii, baada ya kujua tarehe ya safari yako, nilimwendea. Nilimkuta peke yake anafagia. Nilimwambia kila kitu, beseni, taulo, kiwembe, kwamba ni kidonda cha pale ndicho kilichokwenda mpaka gotini. Alikaa kwenye kile kile kiti cha wateja. Nilitegemea atakana, nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Hakukana. Aliuliza, "Uliona hiyo yote ukanyamaza?"

Nikasema ndiyo. Nikasema sikutaka kumvunjia heshima.

"Maji ilikuwa kwa tangi, Mama Wairimu," akasema. "Ilikuwa imejaa. Ungesema tu ningebadilisha."

Kisha akalia, na mimi nikalia, na hakuna aliyemshika mwenzake. Aliniuliza kwa nini nimemnyima miaka yote hii nafasi ya kujua anachofanyia watu. Aliniambia wangapi wamepita hapo tangu siku hiyo. Sijui kama atanisamehe, nami sikuombi umsamehe. Ila nimeona kwamba kunyamaza kwangu hakukumlinda hata yeye niliyedhani namlinda. Nilipopita jana nilikuta amefunga, na kuna fundi ndani anaweka sinki.

Kutoka kwake nilikwenda moja kwa moja kwa Shosho. Nilipiga magoti, mimi na umri wangu. Nilimwambia nilivyokuacha ubebe. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anawachungulia wapangaji kama kawaida. Aliniacha nikamaliza. Halafu akasema beseni aliliona mwenyewe, na mguu ulikuwa wake, na alikuwa na mdomo. Alisema aliingiza mguu kwa sababu hakutaka mimi niaibike mbele ya rafiki yangu, na kwamba hilo analijutia yeye mwenyewe, nisimnyang'anye. Mama yangu ni huyo, unamjua. Hata majuto anataka yake yawe kivyake.

Lakini aliposikia habari zako alikasirika. Sijamwona amekasirika hivyo tangu siku ya hospitali. Alidhani unamwogopa. Mami, alikuwa anadhani unamwonea kinyaa. Kwamba unakaa mlangoni kwa sababu kile kigutu kinakuchukiza, wewe na usafi wako, na kwamba mifuko ile ni ya kulipia usimkaribie. Miaka yote hii mmekuwa mkisalimiana katikati ya chumba, kila mmoja akidhani mwenzake amemkataa, na mimi katikati nikiwachemshia chai.

Kwa hiyo asubuhi gari lako halitaenda stendi moja kwa moja. Nimeshaongea na dereva. Utapita kwa Shosho kwanza, na mimi nitabaki kwenye gari na mabegi.

Kila asubuhi mimi humwosha mguu uliobaki na kumtazama, kwa sababu hawezi kuona chini ya unyayo wake mwenyewe na pia hahisi vizuri. Hawezi kujua kama kuna mkwaruzo mpaka mtu amwambie. Leo nilipomaliza alinishika mkono. Alisema, "Kesho usije wewe. Mwambie Wairimu aje anitazame. Yeye ndiye alitaka mtu amwangalie vizuri."

Mvue soksi polepole. Beseni lake ni lile la samawati nyuma ya mlango, halitumiwi na mtu mwingine. Maji yawe ya uvuguvugu, yapime kwa kiwiko kwa sababu yeye hatasikia moto. Mkaushe katikati ya vidole, vyote vitano. Kisha uinue unyayo uelekeze dirishani penye mwanga, uuangalie wote, na umwambie unachokiona. Kiseme kwa sauti, mami, hata kama ni kidogo, hata kama Shosho anakutikisia kichwa.

Mama yako